Kijiko cha Mawese

Dokta Florentine alinusa formoli kabla hajafika mlangoni, na papo hapo akajua siku yake imeharibika. Alisimama kwenye ukumbi na mkoba wake mkononi, akashusha pumzi, kisha akaita kwa sauti iliyowafanya wauguzi wa wodi ya jirani wachungulie.

"Rashidi!"

Rashidi, mtunza chumba cha maiti, alitoka akijifuta mikono. Alikuwa mtu mpole, wa kusalimia vizuri, na upole huo ndio uliomchosha daktari kuliko kitu kingine, maana huwezi kumgombeza mtu anayekubali kila kosa ukaridhika.

"Bonjour, docteur."

"Ule mutu wa Lubunga. Umemupiga formol?"

"Kidogo tu, docteur."

"Kidogo tu! Nilikuambia nini mimi?"

"Courant ilikatika, frigo ikakufa. Ndugu zake banalia, banasema ataharibika mbele ya kuzikwa. Nikawaonea huruma."

Huruma! Katika mji huu huruma imeharibu kesi nyingi kuliko rushwa. Florentine alikuwa ameshasema mpaka koo likamkauka: mtu anayedhaniwa kuwa amelishwa sumu hapigwi formoli kabla hajapasuliwa. Formoli humfanya marehemu akae siku kadhaa bila kuoza, jamaa wakalia wakashiba, lakini inachafua damu, inafunika harufu, na zipo sumu inazozila zenyewe zisionekane tena. Dawa ya wadudu ya shambani ina harufu yake, inayokaribia kitunguu saumu. Na sumu ya mihogo mikali nayo ina harufu yake, kwa mwenye pua ya kuisikia. Sasa ndani ya chumba kile kulikuwa na harufu moja tu, ya kuchoma macho. Damu ambayo angeipeleka Kinshasa kwenye maabara ilikuwa imeshakorogwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na mtu alikuwa mahabusu kwa ajili ya maji hayo. Marehemu aliitwa Hilaire, fundi wa mashine za pirogi za mtoni, kijana mwenye mabega mapana. Alianguka nyumbani kwake Lubunga, ng'ambo ya mto, mara baada ya kula chakula cha mkewe, akatoa povu, akafa kabla hajavushwa mto. Mke, Falonne, alikamatwa siku hiyo hiyo. Vijana wa mtaa walikuwa wametangaza kwamba akiachiwa watamchoma pamoja na nyumba yake. Hakimu alikuwa ametangaza kwamba asipopata neno la daktari leo, atamhamishia gerezani kungojea majibu ya Kinshasa. Florentine aliyajua majibu ya Kinshasa. Yalikuja msimu mwingine, kama yalikuja, na watu waliongojea gerezani mara nyingine hawakuyangojea mpaka mwisho.

"Fungua madirisha," alimwambia Rashidi. "Yote."

Alikuwa anavaa glavu pale OPJ Israël, ofisa wa upelelezi aliyeishika kesi hii, alipoingia na mfuko wa plastiki ameubeba kwa mikono miwili.

"Docteur, nimekuletea preuve, ushahidi. Sufuria yenyewe!"

Florentine akafungua mfuko. Sufuria iling'aa. Mtu angeweza kujitazama ndani yake na kuchana nywele.

"Nani ameisugua hii?"

"Ah, bamama ya matanga. Ilikuwa chafu, docteur. Hauwezi kuacha sufuria chafu kwa nyumba ya kilio."

"Na matapishi yake?"

"Walipiga deki. Vizuri kabisa."

"Na chakula kilichobaki?"

Israël akanyanyua mabega. Hata hivyo alikuwa na hakika ya jambo lenyewe, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unalisema, na lisemwalo lipo. Msemo huo Florentine aliuchukia siku nyingi. Alitamani kumpata aliyeutunga amlaze mezani, ampasue, aone kichwa kile kilikuwa na nini.

"Basi weka tu damu katika machine, docteur. Itasema jina ya poison."

"Machine gani, Israël? Iko wapi? Nionyeshe!"

Israël alitazama huku na huku, kana kwamba mashine ingekuwa nyuma ya ndoo. Kulikuwa na meza ya simenti, mizani, visu, bomba lisilotoa maji na beseni. Daktari akamwomba atoke, akamwomba mara ya pili bila kuomba, kisha akaanza kazi.

Watu hudhani sumu hutafutwa ndani ya chupa. Florentine aliitafuta kwanza kwa macho. Midomo ya Hilaire haikuungua, wala kinywa, wala koo la chakula. Aliyekunywa asidi ya betri huachiwa njia nyekundu kutoka ulimini mpaka tumboni, na hapa njia ilikuwa safi. Ulimi wenyewe ulikuwa umeumwa pembeni, meno yameingia kabisa, jeraha lililotoka damu wakati mtu angali hai. Alitua hapo. Ulimi kuumwa namna ile ni kazi ya kifafa au degedege, mwili unapokakamaa na meno kujifunga yenyewe. Zipo sumu zinazoleta degedege, ndiyo. Yapo na magonjwa.

Tumboni alikuta mafuta ya mawese. Si mafuta ya mboga, yale yanayoelea juu ya pondu. Mawese matupu, mekundu, mengi, na chakula chini yake hakijaguswa. Nani anakunywa mawese matupu baada ya kula?

Akafungua njia ya pumzi, na hapo akasahau kumkasirikia Rashidi. Bomba la pumzi lilikuwa limepakwa rangi ya machungwa ndani. Aliyafuata matawi yake, kubwa mpaka dogo, akiyakata taratibu kwa mkasi, na kila alipofika mafuta yalikuwa yamemtangulia. Akakata kipande cha pafu kutoka chini kabisa, karibu na mbavu, akakiminya ndani ya beseni la maji. Matone mekundu yakapanda juu, yakasambaa, yakakutana.

"Rashidi, njoo uone."

Rashidi akaja, akaona, akasema Subhanallah.

Formoli haikuweza kuyafanya lolote mafuta yale. Na mafuta hayatembei yenyewe mpaka chini ya mapafu ya maiti. Yamiminie kinywani mwa mtu aliyekufa, yatakaa kooni, pengine yashuke kidogo. Ili yafike kule yanataka kuvutwa, na anayevuta ni mtu anayetafuta hewa. Hilaire alikuwa anapumua mafuta yalipomwingia. Aliyavuta yeye mwenyewe, pumzi moja baada ya nyingine, mpaka hapakuwa na nafasi ya hewa.

Akamalizia na kichwa. Ubongo ulikuwa umevimba, na rangi yake ilikuwa ya majivu, rangi aliyoiona kwa watoto wengi mno wa mitaa ya Tshopo na Kabondo, wale wanaoletwa wakati malaria imeshapanda kichwani. Akavua glavu, akaenda nje, akamwita ndugu wa marehemu.

Bavon alikuwa ameketi kwenye ngazi tangu asubuhi, kaka mkubwa, kitambaa cheusi mkononi. Aliinuka haraka.

"Docteur, umeipata? Inaitwa aje?"

"Kaa kwanza. Mudogo yako alikuwa na homa mbele ya siku ile?"

"Homa, ndiyo. Homa kidogo. Siku nyingi. Alikuwa anasema maneno ya ovyo ovyo, anaita batu benye bamekufa. Njo hapo tulijua bibi yake ameanza kumuroga."

"Alipimwa malaria?"

"Alikunywa vidonge viwili, akasikia muzuri, akaacha. Docteur, hapa tuko nasema juu ya poison!"

Florentine akafumba macho, akayafumbua. Bavon alikuwa bado pale.

"Alipoanguka, nani alimpa mawese?"

Uso wa Bavon ukachangamka kwa mara ya kwanza. Hili alilijua, na alijivunia. "Maman! Maman njo alikimbia na mafuta. Batu bote banajua, mutu akikula sumu unamunywesha mawese, inashika ile sumu, anatapika. Lakini meno ilikuwa imefunga. Mimi nilimushika kichwa, maman akapanua meno na kijiko, akamimina. Alipokataa kumeza, maman akamufunga pua. Akameza! Kama si ile poison ilikuwa kali, maman angemuponyesha."

Daktari alitazama mikono ya Bavon, mikubwa, yenye sugu za kamba za nyavu. Alitaka kupiga kelele na hakujua ampigie nani.

"Na chakula kilichobaki sahanini," akasema mwishoni, "kilienda wapi?"

Bavon akainamisha kichwa. Akakunja kitambaa, akakikunjua.

"Bavon."

"Nilikula."

"Ulikula nini?"

"Lituma. Na samaki. Docteur, ilikuwa mbele ya kujua ni sumu! Nilitoka mutoni na njaa, nikapita jikoni ya Falonne mbiombio, juu maman hapendi tukule kwa mukono yake. Tangu walioana, maman hajaonja hata chumvi ya kule. Nikakula yote, nikapangusa sahani. Halafu nikasikia kelele kwa nyumba, Hilaire ameanguka."

"Na wewe hukuumwa."

"Hapana."

"Hata tumbo?"

"Hata tumbo."

"Na uliwaambia polisi?"

"Maman angesikia!"

Florentine alimwacha kwenye ngazi, akaingia ofisini, akafunga mlango, akapiga meza kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka. Mwanamke amelala sakafuni mahabusu, mtaa umetayarisha petroli, na shahidi mkuu wa kesi ni tumbo la Bavon, zima buheri wa afya, limenyamaza kwa kumwogopa mama yake!

Israël alipoelezwa, alikuna kidevu.

"Donc, unaapa hakukuwa na poison hata moja?"

"Siapi. Formoli imenifunga mdomo hapo. Ninasema kilichomuua, na kilichomuua ninakijua. Malaria ilimwangusha, mafuta yakamziba pumzi."

"Bon." Israël akafungua daftari lake, akanyoosha mgongo. "Alors, nikamate maman?"

"Usikamate mtu!"

"Lakini mutu amekufa, docteur. Lazima mutu aingie cachot."

"Lazima mtu atoke cachot, Israël! Yule mama alikuwa anamwokoa mwanawe. Ni bahati mbaya. Unalijua neno hilo, bahati mbaya? Huwezi kulifunga pingu."

Israël alilifikiria neno hilo kwa uzito, kama mtu aliyeambiwa bei mpya. Kisha akasema jambo la busara, na Florentine alimchukia kidogo kwa kuwa alikuwa amesema kweli: hakimu ataandika Falonne atoke, sawa, lakini ataenda wapi? Ukiwaambia watu wa Lubunga si sumu na ukaishia hapo, watasema daktari amenunuliwa. Watamchoma kesho badala ya leo. Lazima waambiwe ni nini. Na waambiwe na yeye mwenye kisu.

"Ninajua," alisema Florentine. "Ninajua, ninajua."

Walivuka mto baada ya saa sita mchana, hakimu alipokwisha kutia sahihi. Falonne aliketi katikati ya pirogi, nywele zimetimka, kitenge kimoja tangu siku ya kukamatwa. Mara moja tu, walipokaribia ng'ambo, aligeuka kwa daktari.

"Docteur, aliumia sana?"

Florentine akasema alikuwa amezimia, hakujua. Hilo lilikuwa kweli, au karibu na kweli, na alishukuru hakuulizwa zaidi.

Matanga yalijaza uwanja wote. Maturubai, viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, na katikati yao Mama Micheline, mama wa Hilaire, mdogo wa umbo, mgongo umenyooka, hajala tangu msiba uanze. Israël alibaki na Falonne nyuma ya uzio, barabarani, na polisi wawili. Daktari akaingia na Bavon.

"Mama, pole. Ninaomba tuingie ndani, wewe na mimi."

"Hapana. Sema hapa hapa. Batu basikie jina ya ile poison."

"Mama, ninakuomba. Ndani."

"Mutoto yangu alikufa mbele ya batu. Sema mbele ya batu."

Florentine alitazama angani, akatazama chini. Ni mara ngapi mtu anaweza kuwaombea watu wajihurumie? Alipiga magoti kwenye mkeka ili asiseme kutoka juu.

"Mama, hakuna sumu iliyomuua Hilaire. Ile homa aliyokuwa nayo ilikuwa malaria. Ilipanda kichwani. Ndiyo maana alisema maneno ya ovyo, ndiyo maana alianguka na meno yakafunga. Chakula hakikuwa na kitu. Kuna mwingine alikila siku ile ile."

"Nani?"

Halafu Bavon, sauti ya mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima: "Mimi, maman."

Minong'ono ikazunguka uwanja, ikarudi, ikazimika. Mama Micheline hakumtazama mwanawe. Alikuwa anamtazama daktari.

"Malaria inaua mutu haraka vile? Mbele ya kufika mutoni?"

Hapo Florentine angeweza kusema ndiyo. Neno fupi. Angesimama, akafuta magoti, akarudi ng'ambo. Lakini mama huyu hakuwa mjinga, na nyuma yake walikaa watu wasioamini, na nyuma ya uzio alisimama Falonne.

"Si malaria peke yake. Alikuwa amezimia, mama. Mtu aliyezimia hamezi. Mafuta hayakwenda tumboni yote. Yaliingia penye pumzi."

"Mafuta gani?"

Daktari aliona swali limeshajijibu. Wanawake waliokaa karibu wakaangalia mikeka yao. Mama Micheline alifungua mkono wake wa kulia, akautazama, akaufunga.

"Labda alikuwa amekwisha kufa," alisema polepole. "Wakati nilimimina. Labda alikwisha kwenda, mimi sikujua. Docteur?"

Florentine alimkasirikia kila mtu wakati huo: Rashidi, Israël, Bavon, na wote waliowafundisha watu kwamba mawese hushika sumu. Akajikasirikia na yeye, kwa kuwa ukweli uliomtoa Falonne mahabusu na ukweli aliouogopa mama huyu ulikuwa ukweli ule ule, wala haukuweza kukatwa vipande viwili.

"Alikuwa anapumua, mama. Maiti haivuti kitu."

Hakuna aliyelia. Mahali fulani jikoni sufuria ilichemka mpaka ikamwagika, na hakuna aliyeinuka kuitazama.

"Na kama ningeacha?"

"Sijui. Malaria ile huua wengi. Wengine wakiwahishwa hospitali wanapona. Sijui, mama. Ningejua ningekuambia."

Mama Micheline akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia na akaielewa. Kisha akasema kwa sauti ile ile:

"Falonne iko wapi?"

"Hapo nje."

"Anafanya nini inje? Matanga ya bwana yake iko inje?" Akainua kichwa, akawatazama vijana waliosimama mlangoni mwa uzio na mikono yao kifuani. "Ninyi munaangalia nini? Mupishe bibi ya Hilaire."

Vijana wakapisha. Falonne akaingia akipita pembezoni, akaenda kukaa ukingoni mwa mkeka wa mwisho, karibu na vyombo, mahali pa mtu asiyetaka kuonekana. Mama mkwe akamfuata kwa macho.

"Umekula kule cachot?"

"Hapana, maman."

"Mimi pia sijakula." Akakunjua miguu kwenye mkeka. "Enda jikoni. Pika ile ulimupikia."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akajaribu kusema chakula kipo, kimeshaiva, na Mama Micheline hakumgeukia hata shingo. Falonne akainuka. Alichagua ndizi, akazimenya, akazichemsha, akazitwanga lituma, akaunga samaki. Kila mtu alimtazama mikono, na mikono yake haikufanya haraka. Florentine alijua angepaswa kuondoka. Kazi yake ilikuwa imekwisha, na hospitalini bado alikuwa na maneno na Rashidi. Lakini alibaki amekaa pale, amechoka, harufu ya formoli ingali kwenye nywele zake zote.

Falonne alileta sahani, akapiga magoti, akamnawisha mama mkwe maji. Mama Micheline akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalitia kinywani mbele ya mtaa mzima. Akatafuna taratibu, akameza. Akamega la pili.

"Hivi njo alikuwa anakula siku zote?"

"Ndiyo, maman."

"Iko tamu," alisema Mama Micheline, na hapo ndipo akalia.